Je, askari aliye nje ya zamu anaweza kuniandikia faini baada ya kugombana naye barabarani?

Dereva wa Tegeta

Ndugu zangu, naomba msaada wa mwenye kuifahamu sheria.

Ijumaa jioni nilikuwa natoka Mwenge kuelekea Tegeta kwa Barabara ya Bagamoyo, na foleni ilikuwa imefunga kama ilivyo kawaida ya saa hizo. Gari dogo la binafsi lilikuwa linatanua pembeni, na lilipofika usawa wangu likataka kuchomekea. Gari la mbele lilikuwa karibu mno, sikuwa na nafasi ya kulipisha, nikaendelea na njia yangu. Dereva wake alipiga honi mfululizo, akanifuata nyuma akiniwashia taa kali, na foleni ilipolegea akanipita na kusimamisha gari lake mshazari mbele yangu ili nisiweze kuondoka. Alishuka akiwa amevaa fulana na kaputula, akanitukana mbele ya mke wangu na watoto, kisha akasema kwamba yeye ni askari polisi na kwamba nimeendesha kwa hatari. Nilipomwomba kitambulisho, alikionyesha kwa muda mfupi hata sikuweza kusoma jina, akakirudisha mfukoni, akapiga picha namba za gari langu na kuniambia kwamba faini nitaikuta kwenye mfumo.

Je, askari ambaye hayuko zamu, hana sare, na ambaye yeye mwenyewe ndiye niliyegombana naye, ana mamlaka ya kuniandikia kosa? Deni likitokea, nilipe ili yaishe, au nina njia ya kulipinga? Shilingi 30,000 hazitanifilisi. Kinachoniumiza ni mtu kuitumia kazi ya umma kumalizia hasira zake.

Mwanasheria wa Kinondoni

Pole sana, ndugu. Ndani ya swali lako yamo maswali mawili ambayo watu wengi huyachanganya: kama mtu huyo anabaki kuwa askari hata anapokuwa kwenye shughuli zake binafsi, na kama anaweza kuutumia uaskari huo katika ugomvi unaomhusu mwenyewe.

Kwa swali la kwanza, jibu haliko upande wako. Sheria ya Jeshi la Polisi na Polisi Wasaidizi, Sura ya 322, inamhesabu kila askari kuwa yuko kazini wakati wote, na anaweza kupangiwa kazi wakati wowote na mahali popote nchini. Kwa hiyo hoja ya kwamba hakuwa zamu, ikisimama peke yake, haitakufikisha mbali mahakamani. Hata hoja ya sare ina mipaka, kwa sababu askari kanzu wapo na wanafanya kazi halali. Uingereza, ambako sheria zetu nyingi za polisi zina asili yake, kifungu cha 163 cha Sheria ya Barabarani ya mwaka 1988 kinamtaka dereva asimame anapoamriwa na konstebo aliyevaa sare, na binafsi naona kuna busara kubwa katika sharti hilo, kwa sababu dereva hana njia nyingine ya haraka ya kutambua kama anayemsimamisha ni askari au ni jambazi.

Swali la pili ndilo lenye uzito. Faini tunayoandikiwa barabarani chini ya Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, Sura ya 168, si hukumu, ingawa wengi wetu tunaipokea kana kwamba ni hukumu. Askari anampa dereva taarifa ya kosa analomtuhumu nalo, na dereva akikubali kwa hiari yake analipa kiwango kilichowekwa, jambo linaisha bila kwenda kortini. Asipokubali, ana haki ya kusema hapana na kutaka shauri lisikilizwe na hakimu. Ibara ya 13(6) ya Katiba inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu, na inakataza mtuhumiwa kutendewa kama mkosaji kabla ya kuthibitika kwamba ametenda kosa. Askari aliyekutukana, akakuzibia njia, kisha akakuandikia kosa bila kukupa nafasi ya kukubali au kukataa, amejifanya mlalamikaji, shahidi na mwamuzi kwa wakati mmoja.

Usidhani hata hivyo kwamba neno lake ni jepesi. Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, haihitaji idadi maalumu ya mashahidi ili kuthibitisha jambo, na hakimu akimwamini shahidi mmoja anaweza kutoa hukumu kwa maneno yake. Kwa hiyo mwombe mke wako aandike leo hii alichokiona, kabla kumbukumbu haijachakaa.

Trafiki Mstaafu

Nakubaliana na mwanasheria kwa sehemu kubwa, lakini naomba tusije tukafikia mahali pa kusema kwamba askari akivua sare ageuke kipofu. Fikirieni askari aliye likizoni, amepanda basi la kwenda Mbeya, na dereva anaanza kuyapita malori kwenye kona za Kitonga huku abiria wakipiga kelele. Je, anyamaze kwa sababu hayuko zamu? Anapaswa kujitambulisha kwa dereva, kumwonya, na kupiga simu mbele ili basi lisimamishwe na wenzake walio kazini. Hiyo ndiyo maana ya sheria kumhesabu kuwa kazini wakati wote: abiria wapate ulinzi hata pale ambapo hakuna doria.

Tofauti na kisa chako ni kwamba askari wa Kitonga hana ugomvi na dereva. Nimevaa sare nyeupe kwa miaka mingi, na naweza kukuambia kwamba askari mwenye akili timamu akichomekewa au akitukanwa akiwa na gari lake binafsi, anachukua namba za gari, anatoa taarifa kwa walioko kazini, kisha anaandika maelezo yake kama shahidi mwingine yeyote. Aliye zamu ndiye anayemsimamisha dereva, anasikiliza pande zote mbili na kuamua kama kuna kosa. Wala kukuonyesha kitambulisho kwa namna isiyosomeka si kujitambulisha. Askari halisi hapungukiwi na kitu kwa kutaja jina lake, namba yake ya jeshi na kituo chake.

Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu mwenzetu mmoja anayefanya hivi anawaharibia jina wale wanaosimama juani mataani kutwa nzima.

Mama Dereva, Mbezi

Ninyi mnazungumzia sheria, nami naomba niongeze usalama, kwa kuwa mimi huendesha peke yangu usiku. Mwanamume aliyevaa kaputula anayekuzibia njia na kudai kuwa ni askari anaweza kuwa askari kweli, na anaweza kuwa mtu yeyote. Kujifanya ofisa wa umma ni kosa la jinai, lakini kosa hilo halikusaidii kitu ukiwa umeshafungua mlango.

Ushauri wangu ni kubaki ndani, milango ikiwa imefungwa na kioo kikiwa wazi kidogo tu cha kupitisha sauti. Mwambie kwa upole kwamba uko tayari kutoa ushirikiano na kwamba mwende pamoja kituo cha polisi kilicho karibu, au msubiri kwenye sheli yenye watu na mwanga wakati unapiga 112. Askari wa kweli hawezi kulikataa ombi hilo. Usimrudishie matusi hata kidogo, kwa sababu matusi yanayoweza kuvunja amani ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, na jibu lako la hasira ndilo litakaloandikwa kwenye maelezo yake. Kosa hilo linamhusu na yeye pia, jambo ambalo naona hakuna aliyeligusa hapa.

Na fedha taslimu usimpe kamwe. Malipo halali yana namba ya kumbukumbu na yanaingia serikalini.

Dereva wa Tegeta

Nawashukuru nyote. Nimeangalia kwenye mfumo asubuhi hii na deni lipo. Kinachonishangaza ni kwamba kosa limeandikwa kuwa ni kutotii alama za barabarani, wakati yeye aliniambia nimeendesha kwa hatari. Mke wangu ameshaandika maelezo yake. Je, nianzie wapi?

Mwanasheria wa Kinondoni

Tofauti hiyo ya makosa ni muhimu sana kwako, kwa hiyo hifadhi picha ya ukurasa huo ikionyesha tarehe, saa na mahali palipoandikwa. Usilipe kwanza, kwa kuwa malipo yatachukuliwa kuwa umekubali kosa, na usikawie pia.

Andika barua kwa mkuu wa usalama barabarani wa mkoa. Eleza ulipokuwa, saa ngapi, na kwamba hukusimamishwa na askari aliye zamu wala hukupewa taarifa yoyote ya kosa. Omba uelezwe ni askari gani aliyeliingiza deni hilo, alikuwa amepangiwa kazi wapi saa ile, na ni alama ipi unayodaiwa kutoitii. Hilo la mwisho litamtaka ataje alama yenyewe na mahali ilipo. Malalamiko ya kuzibiwa njia na kutukanwa yaweke kwenye barua ya pili, kwa kamanda wa polisi wa mkoa, ili moja lisimezwe na jingine. Nakala zote zigongwe muhuri wa kupokelewa. Usiporidhika na majibu, Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora hupokea malalamiko ya raia kuhusu matumizi mabaya ya madaraka. TAKUKURU, kwa namba 113, wahusishe tu ikiwa alikudokezea kwamba jambo lingeweza kumalizwa kwa kumpa chochote.