Nguo zinanipwaya, kiu haikatiki, na watu wananisifu nimependeza. Nihofie?

Tumbili Mtulivu (mleta mada)
Wakuu, naombeni ushauri. Mimi ni mwanaume wa miaka 41, sivuti sigara, sijawahi kulazwa. Kwa miezi kadhaa sasa siuelewi mwili wangu. Usiku naamka kukojoa mara mbili, mara tatu, mimi ambaye nikilala ilikuwa ndo basi mpaka asubuhi. Kiu haikatiki: nakunywa maji, muda si mrefu ulimi umekauka tena. Nilikuwa na kilo 86, leo mzani unasema 79, na sijabadilisha chakula wala sijaanza mazoezi. Hamu ya kula ipo, tena imeongezeka. Kazini wananisifu, wengine wananiuliza siri ya kupungua. Jioni maandishi ya simu yanaingia ukungu, nimeshaanza kutafuta miwani.

Kinachonichanganya ni kwamba hakuna kinachouma. Kingeuma ningeshaenda hospitali. Marehemu baba alikuwa na kisukari, na nikikumbuka hilo naishiwa nguvu za kwenda kupima. Je, ni uchovu na umri tu, au mwili unanionya? Naweza kusubiri kidogo nione?

Mzee Kijana
Pole mkuu. Punguza mawazo, lala mapema, na usinywe maji usiku. Mimi kazi zikinibana nakonda hivyohivyo. Ukianza kutafuta dalili mtandaoni utajikuta una magonjwa yote, mpaka ya wajawazito.

Mama Wawili
Mzee Kijana, hilo la kutokunywa maji lifute kabisa. Mtu anayepoteza maji mengi namna hiyo ukimnyima na ya kunywa unamwongezea balaa.

Kaka, kutoka 86 hadi 79 ni zaidi ya asilimia 8 ya uzito wako. Madaktari huanza kuulizana maswali mtu akipoteza asilimia 5 ndani ya miezi 6 hadi 12 bila kukusudia. Mawazo yanakondesha, sikatai, ila mara nyingi yanaondoka na hamu ya kula. Wewe unakula zaidi na unapungua. Hebu ongezea: unakohoa? Unaloa jasho usiku? Moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, joto linakusumbua kuliko wenzako?

Tumbili Mtulivu
Kikohozi sina, jasho sina, mikono imetulia. Ila nyayo usiku huwa kama zinachomwachomwa na sindano. Sikuitaja kwa kuwa niliona haihusiani.

Sista Zu
Inahusiana sana. Mimi ni muuguzi, siwezi kumpima mtu kwa maandishi, lakini maelezo yako yanaelekea upande mmoja: nenda ukapime sukari, leo au kesho, usisubiri mwisho wa mwezi.

Sukari ikizidi sana kwenye damu, takriban milimoli 10 kwa lita, figo hushindwa kuirudisha yote, nyingine inatoka na mkojo. Ikitoka inavuta maji, ndiyo maana unakojoa sana, na kwa kuwa maji yameondoka unashikwa na kiu. Kiu haikuanza, mkojo ndio ulioanza. Wakati huohuo mwili una sukari tele lakini hauwezi kuitumia, kwa hiyo unaanza kula mafuta na misuli yake wenyewe. Huko ndiko zilikokwenda kilo zako. Ukungu wa macho unatokana na lenzi kuvimba na kubadilika umbo, na nyayo ni mishipa ya fahamu inayolalamika.

Mama Wawili kauliza vizuri, maana kupungua uzito hakuna mwenyewe mmoja. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi pamoja na jasho la usiku kingetupeleka kwenye kifua kikuu. Moyo mbio, kutetemeka na kuchukia joto kungetupeleka kwenye tezi ya shingoni. Kwa hiyo mkifika kwa daktari msitaje dalili moja mnayoiogopa. Zitajeni zote, hata ile mnayoona haina maana, kama nyayo za kaka hapa.

Na usikate kiu kwa soda wala juisi. Maji.

Tiba Asilia
Mkuu nina mchanganyiko wa mizizi unasafisha damu na kushusha sukari, hauna madhara. Njoo pembeni tuongee.

Sista Zu
Atashushaje sukari ambayo haijapimwa? Tumbili, nakuomba upime kabla ya kumeza chochote. Halafu jambo moja la dharura uliweke kichwani: ukianza kutapika, tumbo kuuma, kuhema kwa nguvu na kwa haraka, pumzi kunuka kama matunda yaliyoiva sana, au ukaanza kuchanganyikiwa, hapo ni hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Mzee Kijana
Sawa Sista, nimenyooshwa. Ila mimi presha yangu naijua bila mashine. Ikipanda kisogo kinauma, ikishuka kinaacha.

Mama Wawili
Kumbe mzee una mashine kisogoni! Presha ya juu kwa wengi haina dalili yoyote, inakaa kimya miaka huku inaumiza moyo, figo na macho. Kaa utulie dakika tano, mkono uwe usawa wa moyo, upimwe. Ikirudiwa siku tofauti na bado ni 140/90 au zaidi, muone daktari, kisogo kiume kisiume.

Ngalawa
Uzi mzuri. Na mimi niulize dogo hapohapo. Jana asubuhi nikiwa napiga mswaki mkono wa kulia uliisha nguvu, mswaki ukaanguka. Mke wangu anasema mdomo ulipinda upande na maneno yalikuwa hayaeleweki. Zikapita kama dakika kumi nikawa sawa kabisa, nikaenda kazini. Nadhani niliulalia mkono. Kuna vitamini ya mishipa mnayoijua?

Sista Zu
Ngalawa, acha kusoma uzi, nenda hospitali SASA, yenye kitengo cha dharura. Usiendeshe gari mwenyewe, usiende peke yako.

Kuulalia mkono hakupindi mdomo. Uso, mkono na maneno kwa pamoja ni dalili za kiharusi, na zikija zikaondoka maana yake damu ilizuiwa kwenda sehemu ya ubongo kwa muda kisha ikapita. Kwamba umepona haimaanishi yameisha. Kiharusi kamili kinaweza kufuata, na hatari kubwa iko ndani ya saa 48 za mwanzo, ambazo wewe uko katikati yake. Usijipe aspirini njiani: kuna kiharusi cha damu kuganda na kuna cha damu kuvuja, tofauti yao inaonekana kwenye picha ya kichwa. Beba dawa zote unazotumia. Mke wako aende nawe, yeye ndiye aliyeona.

Bint Alfajiri
Nasisitiza kwa wasomaji wengine. Zikianza, tazameni saa. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, kwa hiyo swali la kwanza la daktari ni lini mgonjwa alionekana mzima. Msimpe maji wala chakula, koo nalo linaweza kuwa limelegea.

Mzee Kijana
Ngalawa ametoka? Jibu basi ndugu yetu.

Tumbili Mtulivu
Nimemsoma Ngalawa nikainuka. Nimekwenda kupima bila miadi. Ya papo kwa papo, nikiwa nimeshakula, imesoma milimoli 17.2. Daktari kasema kwa dalili nilizonazo, kuanzia 11.1 ni kisukari, hakuna haja ya kuzungukazunguka. Wamepima mkojo pia wakasema hakuna ketoni, yaani asidi zinazojaa mwili ukichoma mafuta badala ya sukari, kwa hiyo sikulazwa. Wamechukua damu ya kuangalia wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu iliyopita, na ya figo. Nimeanzishiwa vidonge, narudi wiki ijayo.

Ajabu ni kwamba nimelala usingizi mzuri. Nilikuwa naogopa jina la ugonjwa kuliko ugonjwa wenyewe. Maswali mawili, Sista: miwani nikanunue? Na wadogo zangu niwaambie nini, wao hawana dalili hata moja?

Sista Zu
Miwani subiri. Sukari ikishuka lenzi inabadilika tena, utajikuta na miwani isiyo yako. Ngoja wiki kadhaa sukari itulie ndipo upimwe nguvu ya macho. Ila uchunguzi wa ndani ya jicho, ule wa kuangalia mishipa, usiuahirishe, uombe ukirudi kliniki. Na miguu: kila jioni angalia nyayo na katikati ya vidole, maana mguu wenye ganzi unaweza kupata kidonda bila wewe kusikia.

Wadogo zako wapime hivyohivyo bila dalili. Kisukari cha ukubwani kinaweza kukaa miaka bila kujionyesha, na kuwa na mzazi au ndugu wa damu mwenye nacho kunaongeza uwezekano. Wao wapime asubuhi kabla ya kula. Ikiwa 7.0 au zaidi warudie siku nyingine kuthibitisha.

Ngalawa
Ni mke wa Ngalawa naandika kwa simu yake. Tumefika, wamempokea haraka. Presha 188/110, na wamesema moyo wake unapiga bila mpangilio, huenda ndiko damu ilikogandia. Picha ya kichwa imeshapigwa, haikuonyesha kuvuja. Wanamlaza. Yeye bado anasema aliulalia mkono.