Nataka nyumba yenye sura ya ngome Bagamoyo, naanzia wapi?

muulizaji: Wakuu habari zenu, nina kiwanja Bagamoyo nataka nyumba ya kisasa vyumba vitatu ila iwe na minara miwili na yale meno meno juu ya ukuta kama ngome za kale za Ulaya, sasa fundi kaniambia itavuja tu, ni kweli?

fundi_pwani: Mkuu meno hayavujishi, shida ni maji kukosa pa kutokea. Ule ukuta wa juu unaligeuza paa kuwa beseni, masika ikija unalo bwawa. Slabu iwe na mteremko na mabomba ya kutolea maji yawe ya kutosha. Na mchanga wa baharini ukatae kabisa, chumvi inakula nondo mpaka zege linapasuka.

dada_wa_kaole: Kabla ya kwenda Ulaya pita Boma la Wajerumani hapohapo mjini, la 1897, lina meno hayohayo. Zile tundu za kurushia mishale kama za ngome ya Conwy kule Wales, iliyoanza kujengwa 1283, ni nyembamba nje na ndani zinatanuka, nzuri sana ila weka kwenye ngazi tu jamani, sebuleni joto litakuua, acha madirisha makubwa upepo wa bahari upite.

muulizaji: Asante dada, kesho naenda Boma. Na ngazi ya kuzunguka mnarani je?

fundi_pwani: Weka, ila isiwe ngazi pekee, kitanda hakipiti hapo.