Naomba ushauri: mama anaumwa bega baada ya kuondolewa kifuko cha nyongo

Ndugu zangu, nawasalimu kutoka Bukavu. Mama yangu mzazi ameondolewa kifuko cha nyongo kwa njia ya matundu madogo, na kinachomsumbua zaidi si vidonda bali bega la kulia, ambalo daktari alitueleza kuwa linauma kwa sababu ya gesi iliyojazwa tumboni wakati wa upasuaji. Vidonge vinamtia kichefuchefu, kwa hiyo tunamkanda bega kwa kitambaa cha uvuguvugu, naye hukumbatia mto kila anapokohoa. Ameshauriwa atembee kidogo kidogo, lakini kwetu Kadutu ni milima mitupu! Mliouguza mgonjwa wa namna hii, mlimtembezaje, na sombe (mboga ya majani ya muhogo) yenye mawese mlimrudishia lini bila tumbo kuvurugika?