Mluzi kwenu una maana gani? Tupeane uzoefu

Mkazi wa Kaptembwa: Jana usiku stima zilipotea huku Nakuru, mara mtu akapiga mluzi nyuma ya ploti. Mamangu alikatiza hadithi yake papo hapo, akafunga dirisha. Kwao mluzi wa usiku unaita nyoka. Nyinyi mmelelewa vipi?

Nyar Ahero: Usiku haupigwi, na mwanamke hapigi hata mchana. Hivyo ndivyo tulivyoambiwa.

Mfugaji Lugari: Kwetu ng'ombe hawanywi maji wakatosheka bila mluzi. Ukifika mtoni unapiga ule mrefu wa polepole, vichwa vinainama. Dadangu anaupiga kunishinda, na ameolewa vizuri.

Nyar Ahero: Nani amesema haolewi? Soma vizuri, kaka.

Mvuvi Usenge: Mmeniamshia kitu. Sisi wavuvi wa omena, wale dagaa wa Ziwa Victoria, tunaingia ziwani giza la mwezi na taa zetu, na ndani ya mashua mluzi ni mwiko. Wazee husema unaita upepo. Usiku mmoja upepo ulikuja bila kuitwa. Wimbi lilizoa taa, injini ikaingia maji, ikazima. Nachota maji kwa mtungi uliokatwa, sioni hata mkono wangu. Kijana mmoja akarushwa nje. Tulimsikia akiita, kisha kimya. Mawimbi tumeyazoea, kilichonivunja ni kutojua yuko upande gani. Ukiita, upepo unakurudishia sauti mdomoni. Hapo nahodha, mzee yule yule aliyetukataza siku zote, akatia vidole mdomoni akapiga mluzi. Si mluzi wowote: ule ambao yule kijana huitwa nao nyumbani, jina lake kabisa. Akanyamaza. Akarudia. Kushoto kukajibu mwembamba, umekatikakatika. Tulipiga makasia kuufuata, tukamvuta kwa shati, amekumbatia mtungi wa petroli. Tangu hapo nikisikia mluzi usiku natoka nje kuangalia.

Nyar Ahero: Mwili umenisisimka. Yu hai?

Mvuvi Usenge: Yuko. Aliacha ziwa, anauza vipuri Bondo.

Mzee wa Yala: Kuna mmoja wenu alipiga mbinja kabla ya upepo. Ziwa halikasiriki bure.

Mvuvi Usenge: Mzee wangu, kwa heshima, hakuna. Usiku nchi kavu hupoa kuliko maji, upepo wa pande zote unakutana juu ya ziwa na kupandisha mawingu ya radi. Ndiyo maana dhoruba zetu nyingi ni za usiku.

Mzee wa Yala: Sayansi yako naiheshimu. Mwiko nao uheshimu.

Boda wa Kondele: Hadithi nzuri, lakini mluzi kubeba jina la mtu? Hapo nakataa.

Mwanafunzi Maseno: Usikatae. Kisiwa cha La Gomera, Uhispania, watu wanasemezana sentensi nzima kwa mluzi, bonde hadi bonde. Shule za huko zinaufundisha tangu 1999, na UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya urithi wa binadamu 2009.

Boda wa Kondele: Sawa, nimepokea.

Nyar Ahero: Na ule mnaowapigia wasichana wakipita stejini, huo unabeba jina gani? Mwiko ungewekwa hapo kwanza. Binti yangu anazunguka njia ndefu kwa sababu yenu.

Boda wa Kondele: Si wote, mama. Lakini ni kweli, unafanyika.

Mwongoza Wageni Elgon: Mvuvi, funga firimbi kwenye jaketi la kuokolea. Mlimani mtu aliye hatarini hupiga mara 6 ndani ya dakika moja, anatulia dakika moja, anarudia. Anayesikia hujibu mara 3.

Mfugaji Lugari: Firimbi hupotea. Vidole unatembea navyo.

Mwongoza Wageni Elgon: Vikiganda kwa baridi havitoi kitu. Nimeona.

Mkazi wa Kaptembwa: Na nyoka je? Hakuna aliyenijibu.

Mfugaji Lugari: Fyeka nyasi nyuma ya ploti.

Mvuvi Usenge: Hizo firimbi Kisumu zinapatikana wapi? Nataka za mashua nzima.

Mwanafunzi Maseno: Duka lolote la vifaa vya michezo. Omba za marefa, za plastiki, zisizo na kigololo ndani. Hizo hazizibwi na maji.