Watu 18 baada ya chakula cha Krismasi, Tororo: wazee na watoto wacheze nini pamoja?

NyaboTororo
Habari zenu ndugu. Krismasi hii tutakuwa watu 18 kijijini, upande wa Tororo, mashariki mwa Uganda: wazee 4, watu wazima 6, vijana 3 na watoto 5 wa miaka 4 hadi 12. Tunakula kama saa kumi jioni. Baada ya hapo kila kundi hushika njia yake: wazee kwenye chungu cha ajon (pombe ya kienyeji) na mirija yao, kina mama kwenye vyombo, vijana kwenye simu. Umeme si wa kutegemea. Lugha zimechanganyika, Kiteso, Dhopadhola, Luganda na Kiswahili.

Nataka michezo ya kuwaweka pamoja bila kununua vitu vya bei. Tafadhali mnipe hatua na vipimo, na mnieleze kinachoharibika. "Furahini tu" nimeshaambiwa.

Mwalimu_P5
Dada, panga kwa mwanga kwanza, michezo baadaye. Desemba kwenu jua linazama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja. Hapa karibu na ikweta giza halina subira, nusu saa baadaye huoni mpira unatoka wapi. Kwa hiyo cha kukimbia kianze saa kumi na moja, tumbo likiwa limetulia kidogo. Cha mkekani kifuate. Cha mdomo, yaani vitendawili, kiwe cha giza, maana hakihitaji taa. Ukigeuza mpangilio huo, saa moja utakuwa na watoto wenye nguvu zote na huna pa kuwapeleka.

Cha kukimbia ni kwepena, yaani kukwepa mpira. Warushaji wawili wanasimama wakiachana mita 8 hivi, mkwepaji yuko katikati. Kwa umri wenu uliochanganyika tumia ile ya chupa: mkwepaji ana chupa ya nusu lita na rundo la mchanga, anajaza kwa viganja huku anakwepa. Chupa ikijaa hadi shingoni na hajapigwa, timu yake inapata pointi moja. Akipigwa anatoka, mwenzake anaendelea na chupa ileile ilipofikia.

Mpira ndio unaoharibu mchezo huu. Usitumie wa ngozi, na usifunge kaveera (mfuko wa plastiki) peke yake, kwa sababu ni nyepesi na upepo unaipeleka kokote. Chukua soksi ndefu, jaza matambara hadi ilingane na ngumi ya mtu mzima, pinda shingo ya soksi iirudie mara mbili, kisha zungushia kamba ya migomba iliyokauka. Ilowanishe kidogo kabla ya kufunga, vinginevyo inakatika mkononi. Ukibonyeza kwa kidole gumba mpira ubonyee. Usipobonyea, ni jiwe hilo.

Masharti mawili tu: mpira urushwe chini ya kiuno, na mtu mzima arushe kwa mkono asiouzoea. Hilo la pili linawasawazisha na mtoto wa miaka 8 kuliko maneno yote ya "mrushe polepole". Na kandambili zivuliwe, ndizo zinazoangusha watu.

Mwesaji
Wazee wa kwenye chungu utawapata kwa mweso, ule mchezo wa Kiganda wa kete na ubao wa vishimo. Huna ubao? Trei mbili za mayai. Trei ya 30 ina vishimo 5 kwa 6. Ya kwanza kata mstari mmoja ubaki na 4 kwa 6, ya pili kata kipande cha 4 kwa 2, shona pamoja kwa uzi. Umepata 4 kwa 8, vishimo 32. Kete ni 64, kila mtu 32. Maharagwe madogo yanatosha. Makubwa yanajaza kishimo upesi na kumwagikia kwa jirani, hapo ugomvi umeanza.

Kila mchezaji ana safu mbili za upande wake. Kwa wanaoanza, weka kete 4 katika kila kishimo cha safu ya nyuma, safu ya mbele iwe tupu. Mafundi hupanga wanavyotaka, lakini hilo liache.

Sasa vipe namba vishimo vyako: nyuma ni 1 hadi 8 kutoka kushoto kwenda kulia, mbele ni 9 hadi 16 kutoka kulia kurudi kushoto. Ndivyo kete zinavyozunguka, na hazivuki kwenda kwa mwenzako. Chagua kishimo chenye kete 2 au zaidi, sambaza moja moja. Ukianza na namba 4, kete zinaangukia 5, 6, 7 na 8. Namba 8 ilikuwa na kete, sasa zimekuwa 5, basi unazizoa zote na kuendelea: 9, 10, 11, 12, 13. Namba 13 ilikuwa tupu. Zamu imekwisha.

Kula ni hivi. Kete ya mwisho ikiangukia kishimo chako cha mbele chenye kete, na vishimo *vyote viwili* vya mwenzako vinavyokikabili vina kete, unazizoa zake zote. Ndiyo maana kwa mpangilio huu zamu ya kwanza kabisa haili: mbele ya mwenzako ni patupu. Watoto hudhani wamekosea, waambie mapema.

Kosa la karibu kila mgeni: akila, anasambaza kuanzia pale alipofikia. Sivyo. Kete ulizokula zinaanza kwenye kishimo kinachofuata kile ulichozoa mwanzoni mwa mzunguko huo. Weka kidole cha mkono wa kushoto hapo unapozoa, usikiondoe mpaka ujue umekula au hukula. Asiye na kishimo chenye kete 2 ameshindwa.

Pwani_hadi_Malaba
Kaka Mwesaji, mbona hujataja nyumba, kile kishimo maalumu? Na mtu anaanza na kete mkononi za kunamua, yaani za kuingiza ubaoni moja moja.

Mwesaji
Hilo ni bao la pwani, ndugu yangu. Ukubwa ni uleule, 4 kwa 8 na kete 64, lakini mweso hauna nyumba wala kunamua. Msichanganye sheria mkekani, hasa mbele ya mzee wa Kiganda. Kuna pia kula kwa kurudi nyuma kutoka vishimo vinne vya kushoto kabisa (kwa namba zangu ni 1, 2, 15 na 16). Hiyo wafundishe kesho yake.

Kwa watu wengi, cheza wawili wawili: mtoto anashika kete, mzee anaelekeza kwa mdomo tu. Mzee akigusa ubao, zamu imekwenda. Hapo ndipo mjukuu na babu wanapoongea.

karata_kali
Vijana wape matatu, mchezo wa karata. Kila mmoja karata 7, karata moja inafunuliwa kutoka kwenye lundo: aina yake ndiyo ya kukata. Ikifunuka ya kopa, basi 7 ya kopa ndiyo mkasi. Unaweka karata yenye aina au namba inayolingana na iliyo juu. Huna, unaokota moja. 2 inamwokotesha mwenzako mbili, 8 na J zinamruka, A inabadilisha aina.

Mtu akimaliza karata ameshinda. Mwenye 7 ya kukata akiiweka kwa halali, mchezo umekatika palepale, mnahesabu zilizobaki mkononi na mwenye pointi chache anashinda. Hesabu inayotumika sana: namba kama ilivyo, lakini 2 ni 20, J 11, Q 12, K 13, A 15. Kwa hiyo kukata huku umeshika 2 mbili ni kujichinja mwenyewe, unaanza na 40. Watoto wa miaka 10 wanafundishika kujumlisha hapo kuliko ubaoni.

Kila nyumba ina sheria zake kuhusu 2 juu ya 2. Kubalianeni kabla ya kugawa, mziandike. Zaidi ya wanne msijaribu, karata zinaisha na watu wanasinzia. Pesa zisiwepo mezani, hata za sarafu.

Mwalimu_P5
Narudi kwa vitendawili, maana ndipo watu 18 wote wanapokaa mahali pamoja. Waswahili husema "Kitendawili!" wakajibiwa "Tega!", Waganda husema "Koyi koyi!" wakajibiwa "Lya!". Pande zote mbili aliyeshindwa hutoa mji au kijiji. Basi toa miji ya kweli. Kata vikaratasi 24, andika Mbale, Soroti, Gulu, Arua, Moroto, Masaka, Mbarara, Fort Portal, Jinja na kuendelea. Timu mbili, kila moja miji 12. Mkishindwa, *waulizaji* wanachagua mji wanaoutaka, kisha wanasema jibu. Utashangaa watu wazima wanavyolilia Jinja.

Muda wa kujibu ni pumzi kumi za kawaida, zihesabiwe na bibi. Simu msitumie kama saa, ikishatoka mfukoni hairudi.

Vinavyoharibika viwili. Kwanza, kitendawili chenye majibu mengi. "Nyumba yangu haina mlango" kila mtu anajua ni yai, lakini mtoto akijibu "kaburi" utamwambia nini? Mzee mmoja awe mwamuzi, na jibu lenye mantiki lipewe nusu: mji hauhami, zamu inahama. Pili, watu wazima wanajibu kabla mtoto hajafungua mdomo. Dawa: pumzi tano za kwanza ni za walio chini ya miaka 12.

NyaboTororo
Asanteni sana, mwalimu. Na lugha je? Mama mkwe anatega kwa Kiteso, nusu ya nyumba hawaelewi.

Mwalimu_P5
Nyabo, kila timu iwe na mkalimani, na hapo wape wale vijana watatu. Anatafsiri neno kwa neno bila kueleza. Akieleza amelitoa jibu. Kuna vitendawili visivyotafsirika kwa sababu vinachezea sauti ya neno. Hivyo mwamuzi anaviondoa bila adhabu.

Shangazi_Busia
Mmesahau wa miaka 4. Maharagwe ya mweso msimwachie, anaingiza puani. Yeye mpe sinia: weka vitu 10 vya jikoni, mwiko, kitunguu, kijiko, kiberiti kisicho na njiti, funika kwa kitenge, toa kimoja, aseme kipi hakipo. Akizoea ongeza hadi 15. Wakubwa wakicheza naye ondoeni viwili na mbadilishe nafasi za vilivyobaki, mtaona nani anabaki mdomo wazi.

Na vyombo, mwanangu: wasioshe kina mama. Timu iliyopoteza kwepena ndiyo inayoosha, na maji yachotwe kabla ya saa kumi. Usipofanya hivyo, nusu ya wachezaji wako watakuwa nyuma ya nyumba na masufuria mpaka giza liingie.

NyaboTororo
Trei mbili ninazo, soksi zipo. Shangazi, hilo la vyombo nitalitangaza *kabla* ya kula, wakiwa bado na njaa.

Mwesaji
Hesabu kete kabla na baada. Zikirudi 63, angalia kwanza pua ya yule wa miaka 4.