Nimelipia kitabu, nimepewa picha! Wauza vitabu vya mtandaoni, sisi wasioona tumewakosea nini?

Wakuu, habari za jioni. Naandika nikiwa na hasira na sitaificha.

Mimi ni mwalimu wa Historia, sekondari. Sioni tangu nikiwa na miaka tisa. Kompyuta ndiyo kalamu yangu na daftari langu: naandaa masomo, natunga mitihani, najaza alama, yote kwa kisoma skrini, yaani programu inayonitamkia kila kilichoandikwa kwenye kioo. Nalisema hili mapema kwa sababu kila nikilalamika hakosekani wa kuuliza, "Sasa asiyeona anatumiaje kompyuta?"

Alhamisi usiku nilinunua kitabu kuhusu Vita vya Maji Maji kwenye duka moja la mtandaoni la hapa hapa nchini. Shilingi 15,000. Nikalipa kwa simu, pesa ikapokelewa papo hapo. Mpaka hapo nilikuwa mteja kama wateja wengine.

Kitabu chenyewe hakifunguki ila kwa programu yao. Nikaipakua kwenye laptopu. Nabonyeza Tab, nasikia "kitufe". Tena, "kitufe". "Kitufe." "Kitufe." Vitufe kumi na kimoja, hakuna hata kimoja kilichopewa jina. Cha kufungua ni kipi na cha kufuta ni kipi? Aliyeitengeneza alichora vialama vya kupendeza macho, akaondoka. Kukipa kitufe jina ambalo kisoma skrini kitalitamka ni kazi ya kuandika neno moja. Neno moja tu!

Nikabahatisha hadi kitabu kikafunguka. Kimya. Nikashuka chini, kimya. Kila ukurasa ni picha, hakuna herufi hata moja ndani yake. Sisi tuliozoea shida tuna njia ya dharura: ukitumia NVDA, kisoma skrini ninachokitumia mimi, unashika kitufe chake pamoja na R, na Windows inajaribu kuyatambua maandishi yaliyo kwenye picha. Nikafanya hivyo, nikaambulia patupu. Kumbe programu yao imezuia skrini isipigwe picha, kwa hiyo hata ile njia ya dharura imezibwa.

Ijumaa nikawapigia. Akapokea kijana, mpole kabisa, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Pole sana mama. Kwani hapo nyumbani hakuna mtoto wa kukusomea?"

Ninaye, binti wa dada yangu, na ana masomo yake. Nina miaka 41, nina shahada, nina wanafunzi 70 darasani. Nimetoa fedha yangu halafu naambiwa nikaombe msaada wa kusomewa nilichokinunua? Nikadai pesa yangu. Nikajibiwa kwamba hairudi, kwa kuwa kitabu "kimeshafunguliwa".

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Mwandishi hakuandika picha. Alikaa kwenye kompyuta akachapa maneno, na hayo maneno yapo mpaka leo kwenye faili la mchapishaji. Yaani kuna mtu aliyachukua maandishi ambayo ningeyasoma bila tatizo lolote, akayageuza makusudi kuwa picha, halafu akanitoza bei ileile. Wanasema wanazuia wizi. Wizi gani? Mwizi ana macho. Anachukua simu nyingine, anapiga picha kurasa moja moja, jioni kitabu kinazunguka WhatsApp. Kufuli hili halijamzuia yeye hata dakika moja. Limenizuia mimi niliyelipa.

Na msiniambie teknolojia bado haijafika huku. NVDA ni bure. Ilianza mwaka 2006 kwa mkono wa Michael Curran wa Australia, akaungana naye James Teh, na wote wawili hawaoni. Waliona visoma skrini vya kulipia vinauzwa kwa mamia ya dola, wakatengeneza cha kwao na kukigawa. Ndani yake kuna sauti ya eSpeak inayosoma Kiswahili. Ni sauti ya bati, lakini tumeizoea. Kitabu kikiwa EPUB ya maandishi, yaani faili la kitabu cha kielektroniki, kuna Thorium, programu ya kusomea vitabu hivyo, nayo ni bure, inashirikiana na kisoma skrini: nachagua sura, narudi kwenye aya, nalisikiliza jina la Kinjeketile herufi kwa herufi ili nisije nikaliandika vibaya ubaoni. Na anayeogopa wizi zipo kufuli zinazolinda kitabu bila kuua maandishi yake. Thorium yenyewe inafungua vitabu vya namna hiyo.

Sheria nayo haijalala. Mkataba wa Marrakesh ulipitishwa 2013 ili hakimiliki isiwe kizuizi kwa sisi wasioona. Kenya iliingia 2017, Uganda 2018, sisi Tanzania 2020. Kwa mkataba ule, maktaba au taasisi inayotuhudumia inaweza kututengenezea nakala tunayoweza kuisoma bila kumwomba ruhusa mchapishaji. Vizuri. Lakini hebu fikirieni: mtu aketi askani kurasa 300, asahihishe makosa ya kompyuta ukurasa kwa ukurasa, ili apate maneno ambayo mchapishaji anayo tayari kwenye faili! Nani ana muda huo wa kupoteza?

Ninachotaka kwa duka lile: nirudishiwe 15,000 yangu au nipewe kitabu chenye maandishi. Na kabla hamjatoa toleo lingine la programu, mwiteni mtu asiyeona, mlipeni kwa kazi yake, mkae pembeni mkimsikiliza anavyohangaika na vitufe vyenu.

NYONGEZA: Nimesoma majibu. Mkuu uliyesema ninunue vitabu vya sauti, asante, navipenda kwa hadithi. Kwa kufundisha havitoshi. Mwanafunzi akiniuliza hiyo iko ukurasa wa ngapi, nimjibu nini? Jina la mahali limeandikwaje? Sauti ya msomaji haina herufi.

Na wewe uliyesema tuko wachache, biashara haiwezi kutufuata: sikuomba punguzo. Nimelipa bei ya kila mtu.

Leo Jumatatu nimeingia darasani na madokezo ya kurasa 31, kwa sababu hapo ndipo binti alipofika jana usiku kabla usingizi haujamchukua. Wanafunzi wameniuliza baada ya Kinjeketile kunyongwa kule Mohoro, vita viliendeleaje. Hilo liko ukurasa wa 32 na kuendelea.