Mzee ana saratani ya tezi dume: tuchange aende India kwa roboti au apasuliwe hapa hapa kwa mkono?

Wakuu habari za saa hizi. Nina jambo naomba tulichambue bila kutukanana. Kwenye ukoo wetu kuna mzee kagundulika na saratani ya tezi dume, bado imo ndani ya tezi haijasambaa, madaktari wamesema itolewe. Kikao cha familia kikakaa, kikapasuka vipande viwili. Vijana wanataka tufungue grupu la michango mzee apandishwe ndege aende India kwa roboti, maana roboti haitetemeki, haichoki, haijagombana na mkewe asubuhi. Wazee wenzake wanasema nani wa kumlaza mtu achanwe na mashine, umeme ukikatika je? Shangazi yeye akauliza swali moja tu, hivi hiyo roboti ikikosea anashtakiwa nani, watu wakacheka ila hakuna aliyemjibu.

Msimamo wangu nautoa mapema ili mnishambulie vizuri: mzee aende kwa yule aliyefanya hiyo operesheni mara nyingi zaidi, hata kama kisu tu ndicho anachokijua, na kama huyo yuko hapa nchini basi hela ya nauli na hoteli tuiweke kwenye dawa na kliniki za baadaye.

Kwanza tuelewane hiyo roboti yenyewe ni nini, maana naona wengi wana picha ya mashine inaingia thieta, inafungua tumbo, inafunga, inaondoka. Hamna kitu kama hicho wakuu. Iliyoenea zaidi duniani inaitwa da Vinci, ya kampuni ya Intuitive ya California, Marekani waliiruhusu kwa upasuaji wa tumbo mwaka 2000. Daktari anakaa pembeni mita chache kutoka kwa mgonjwa, kama fundi cherehani vile, macho kayazamisha kwenye darubini, vidole kwenye vishikio, miguu kwenye pedali, wengine huvua kabisa viatu ili waisikie vizuri. Anachofanya huku, mikono ya chuma inakifanya kule tumboni, ila inapunguza, yeye akisogeza mkono sentimita tatu kimkasi kinaweza kusogea sentimita moja tu, na mtetemeko wa mkono unachujwa njiani. Akitoa macho kwenye darubini, mikono yote inaganda. Kwa hiyo ukisema "roboti imempasua" umesema nusu, kuna binadamu pale na kama ni mwanafunzi basi umepasuliwa na mwanafunzi mwenye mashine ya bei mbaya.

Sasa vijana wetu wana hoja, sitawaonea. Tezi dume imejificha chini ya kibofu, ndani kabisa ya nyonga, na mishipa ya fahamu inayohusika na nguvu za kiume imeikumbatia pembeni kabisa. Mkono wa mtu mzima kule ndani hauna nafasi. Roboti inaleta kimkono chembamba chenye kifundo kinachozunguka na picha iliyokuzwa mara kumi. Ukiniambia kuna sehemu mashine hii inanoga, ni hapo.

Ila matokeo? Madaktari wa Brisbane, Australia, waliwagawa wanaume wenye saratani hii kwa bahati nasibu, wengine roboti wengine kuchanwa kawaida, wakachapisha kwenye jarida la Lancet mwaka 2016. Wa roboti walipoteza damu kidogo na walitoka hospitali mapema. Lakini kwenye mambo mawili ambayo mwanaume anayauliza kwa aibu, mkojo na tendo la ndoa, baada ya wiki 12 hawakuachana kwa maana yoyote, na baada ya miezi 24 hivyo hivyo. Na hapa ndipo penyewe: daktari wa kisu alikuwa ameshafanya operesheni hiyo zaidi ya mara 1,500, wa roboti alianza akiwa na kama 200 hivi. Kwa hiyo unaweza kusoma upande wowote, kwamba roboti inamfikisha mtu haraka kwenye kiwango cha mkongwe, au kwamba mkongwe mwenye kisu haachwi na mashine ya mamilioni ya dola. Mimi nimesoma huo wa pili, wewe lete wako.

Kuna wanaosema kipya hakiwezi kuwa kibaya kuliko cha zamani, kidonda kidogo ni kidogo tu. Hapo nawaomba akina mama msikilize kwa sababu saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake Tanzania. Mwaka 2018 ulitoka utafiti wa wanawake 631 wenye saratani hiyo ikiwa bado changa, nusu walichanwa, nusu walifanyiwa kwa matundu madogo, wengi kwa kamera ya kawaida na wachache kwa roboti. Miaka minne na nusu baadaye, waliochanwa asilimia 96.5 walikuwa hai bila saratani kurudi. Wa matundu madogo, 86. Hakuna aliyetegemea hilo! Kinashukiwa kile kifaa cha kusukumia kizazi na gesi ya kujaza tumbo, kwamba vinamwaga seli za saratani. Mwaka uliofuata mamlaka ya dawa ya Marekani ikatoa tahadhari kuhusu roboti kwenye saratani za wanawake. Kovu zuri, saratani imerudi, sasa hilo kovu utamwonesha nani.

Na mfano wa moyo, Newcastle Uingereza, hospitali ya Freeman, mwaka 2015. Ilikuwa mara ya kwanza nchini humo kurekebisha vali ya moyo kwa roboti. Damu ikachafua kamera, daktari kwenye darubini yake hasikilizani vizuri na msaidizi aliyekuwa kwa mgonjwa, wale wataalamu wawili walioletwa kumsimamia wakaondoka operesheni haijaisha. Mgonjwa alifariki siku chache baadaye. Uchunguzi wa kifo mwaka 2018 ukasema angefanyiwa kwa njia ya kawaida kuna uwezekano mkubwa angepona. Mashine haikuasi pale. Mtu hakuwa tayari.

Hapo shangazi amejibiwa, mshtakiwa kwa kawaida ni daktari na hospitali, kwa sasa. Swali lake litauma siku ile roboti itakapoanza kujiendesha, na siyo stori, chuo kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani mwaka 2022 walitangaza roboti iliyounganisha utumbo wa nguruwe yenyewe kwa sehemu kubwa, watu wanaangalia tu.

Hoja ya umbali nayo naiheshimu. Mwaka 2001 daktari Jacques Marescaux akiwa New York alimtoa kibofu cha nyongo mama aliyelala Strasbourg, Ufaransa. Mwaka 2025 daktari akiwa Florida kamfanyia mgonjwa wa tezi dume aliyekuwa Angola, bara letu hili. Mtu wa Sumbawanga akisikia hivyo lazima roho imdunde, kwa nini yeye apande basi. Lakini kule Angola kulikuwa na timu kamili imesimama pembeni, tayari kuingia kama laini ikikatika. Hiyo timu ndiyo Sumbawanga inatakiwa iwe nayo kwanza! Mtu wa nusu kaputi, damu salama, nesi wa thieta, fundi wa vifaa. Ukishawapata wote hao umebakiza nini cha kutafuta Florida? Huyo huyo Marescaux taasisi yake ya IRCAD ilifungua kituo Kigali mwaka 2023 kufundisha madaktari upasuaji wa matundu madogo. Hapo nampa tano, fundisha watu kwanza.

Na nyie mnaotaka hospitali za umma zinunue roboti kesho asubuhi, mnakumbuka Muhimbili 2007? Wagonjwa wawili jina la kwanza moja, wa goti akapasuliwa kichwa, wa kichwa akapasuliwa goti. Kenyatta pale Nairobi 2018 nao wakafungua kichwa cha mtu asiye mwenyewe. Roboti ingefanya hivyo hivyo, tena kwa usahihi wa milimita. Kinachosaidia kuzuia makosa ya aina hii ni karatasi moja ya WHO yenye vipengele 19: jina la mgonjwa, sehemu inayopasuliwa, vifaa vihesabiwe kabla ya kufunga. Walipoijaribu kwenye hospitali nane duniani, Ifakara yetu ikiwemo, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Karatasi! Bei yake unaijua.

Sasa nataka michango. Aliyemsindikiza mgonjwa India kwa roboti, je mliambiwa daktari ameshafanya ngapi, wangapi wanavaa pampasi baada ya mwaka, au mlioneshwa video ya mashine tu? Na mliofanyiwa hapa kwa kisu, mlikaa na mpira wa mkojo siku ngapi? Madaktari mliomo humu msipite kimya kimya, kama kuna swali lingine mzee anatakiwa amuulize daktari wake, liwekeni.